Banda la Mikindani: buku moja, benchi la pili, mpira wa maji

Nianze na bei, kwa sababu kila niliyemsimulia habari za banda hili la kuonyeshea mechi amenikata hapohapo: "Shilingi ngapi?" Siku za kawaida, yaani Simba, Yanga na ligi za Ulaya, kuingia ni jero. Siku za mpira wa maji, ule wa kuogelea bwawani na kufunga goli kwa mkono, ni buku. Ndiyo, mmesoma sawasawa: mchezo ambao watu hawaujui ni ghali mara mbili ya mchezo wanaoujua. Nilipomuuliza mwenye banda alinijibu bila haraka, huku anahesabu chenji: "Dada karani, mpira wa miguu unatoka kwenye king'amuzi, nalipia mara moja kwa mwezi yamekwisha. Huu wa majini unatoka kwenye bando langu, na bando likishaliwa halitapikwi." Nikatoa buku.

Banda lenyewe liko Mikindani, siyo Mtwara mjini. Halina kibao wala jina. Ukishuka kwenye daladala ulizia banda la projekta, mtoto yeyote atakupeleka. Ukuta mmoja ni wa mawe ya zamani, uliobaki wa nyumba iliyoanguka zamani, tatu nyingine ni mabati, na mlangoni kumening'inia turubai la buluu. Huo ukuta wa mawe ndio uliopakwa chokaa ukawa skrini. Kuna mahali chokaa imebanduka, kwa hiyo kila mchezaji akipita pale anaonekana kama ana ukurutu shavuni. Utazoea.

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa sina jioni, nina magunia, mizani na wakulima wanaouliza malipo yameingia lini. Msimu ukishaisha ndipo narudi kuwa binadamu. Kwa bahati, Ligi ya Mabingwa ya mpira wa maji huko Ulaya nayo huanza wakati wa mavuno yetu na kumalizika mwezi wa tano au wa sita. Mechi za makundi hunipita nikiwa ghalani, lakini zile za mwisho, zenye utamu, nazipata zote. Na siku ambazo hakuna mechi mpya, mwenye banda huweka fainali za miaka ya nyuma alizozipakua usiku wa manane bando likiwa rahisi. Jumatano ni siku ya marudio. Mengi nitakayoyasema hapa nimeyaona Jumatano.

Aliyenipeleka mara ya kwanza ni mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili. Alikuja mbio: "Shangazi, kuna watu wanapigana majini na mwamuzi anawapigia filimbi tu!" Nikamwambia mwanamke wa umri wangu haendi kibanda umiza. Akasema atakaa pembeni yangu. Nikajifunga kanga, nikaenda, na tangu siku ile, ukitoa msimu wa korosho, nimekosa Jumatano mbili tu, moja kwa msiba.

Sasa kwa nini ulipe buku wakati simu unayo? Nilijaribu simu. Nilinunua bando langu mwenyewe, nikajilaza kitandani, nikaangalia robo moja nikaacha. Kwenye simu unaona vichwa kumi na vitatu au kumi na vinne vinaelea kama vifuu vya nazi, na mpira wa njano unaruka katikati kama bibo lililodondoka mtoni. Basi. Huoni mkono unaoshika nguo ya mwenzake, huoni bega linalosukuma, huoni kipa akiinuka majini mpaka kiunoni. Ukutani, mtu mmoja ni mkubwa kuliko mlango wangu. Unaona. Na mchezo huu usipouona kwa ukubwa utadhani ni watu wanaogelea wakasahau wanakwenda wapi.

Lakini hata huo ukubwa usingetosha bila mtangazaji. Huyu ndiye sababu ya mimi kuandika. Ni kijana wa bodaboda, mchana yuko kijiweni, usiku anakaa chini ya projekta na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Sauti ya watangazaji wa Ulaya huizima kabisa, anaweka yake. Mwanzoni nilidhani anabuni tu, maana hawa wa mabanda wana uongo mwingi. Nikaja kugundua amekaa na kanuni akazisoma, kisha akazipa majina ya kwetu.

Kwa mfano, kila timu ina mtu mmoja mnene anayejipanda mbele ya goli, kama mita mbili hivi, akalipa goli mgongo na kuusubiri mpira. Mtangazaji anamwita Kigingi. Anayemkaba kwa nyuma, anayemng'ang'ania shingoni, kiunoni, popote anapopata, anamwita Kupe. Ukishajua Kigingi na Kupe umeshajua nusu ya mchezo, kwa sababu karibu kila kitu kinawazunguka hao wawili. Kupe akizidisha, katika fainali hizi za nyuma tunazoangalia, anatolewa nje sekunde 20, na hapo timu yake inabaki watano dhidi ya sita, ukiacha makipa. Mtangazaji anapandisha sauti: "Sita kwa tano, sita kwa tano, mlango uko wazi wenye nyumba wamekwenda shamba!" Mchezaji akifikisha makosa makubwa matatu hamuoni tena mpaka kesho. Ndiyo maana makocha wanabadilisha Kupe kila mara, akachoke mwingine.

Ametufundisha pia kwamba hakuna ruhusa ya kukanyaga chini. Dakika 8 kila robo, robo nne, na saa inasimama kila mpira ukisimama, kwa hiyo hizo dakika 32 zinaweza kukaribia saa moja na nusu ya kuelea. Miguu chini ya maji haipigi mateke ya kuogelea, inazunguka, kulia kwake na kushoto kwake, kama mtu anayekoroga sufuria mbili kwa mara moja. Mpira unashikwa kwa mkono mmoja, kipa peke yake ndiye mwenye ruhusa ya miwili. Goli lina upana wa mita 3 na mwamba uko sentimita 90 tu juu ya maji. Nilipolijua hilo nilianza kuwaheshimu makipa. Yule Stefano Tempesti aliyedaka miaka mingi Pro Recco, klabu ya Italia, ana urefu wa mita 2 na sentimita 5. Mtangazaji alisema huyo akinyoosha mikono goli linabaki na nafasi ya kupitisha dagaa.

Na kuna ule urushaji wa kudanganya: mtu anainua mpira, anatishia, anatishia tena, kipa anaruka anashuka, ndipo anarusha. Hiyo kwa jina la bandani ni danganya toto. Kuna mwingine wa kuupiga mpira kwenye maji makusudi uruke kama kijiwe cha watoto ufukweni. Huo haujapata jina, mashabiki bado wanabishana.

Hapa niseme kuhusu mashabiki, maana ni nusu ya starehe na nusu ya kero. Wengi waliingia kwa makosa. Wanaijua Ferencváros, wanaijua Olympiacos, wanaijua Partizan, kwa sababu ya mikeka yao ya kubeti. Wakaona jina limeandikwa kwa chaki mlangoni, wakalipa, wakakuta bwawa. Siku ile palitaka kuchimbika. Mwenye banda akasimama akaeleza kwamba hivi ni vilabu vilevile, huko Ulaya klabu moja inaweza kuwa na mpira wa miguu, kikapu, wavu na maji. Ferencváros ya Budapest ilianzishwa 1899. Waliolipa wakadai chenji, hakuwapa, wakakaa kwa uchungu wa fedha yao. Hao ndio leo wanaopiga kelele kuliko wote.

Wamegawana timu kwa rangi. Watu wa Yanga wakakimbilia Ferencváros kwa ule ukijani. Watu wa Simba wakaichukua Olympiacos ya Piraeus kwa wekundu na weupe. Tatizo ni kwamba ndani ya maji rangi hizo huzioni. Timu moja inavaa kofia nyeupe, nyingine za buluu au za giza, na makipa wa pande zote mbili wanavaa nyekundu. Kuna mzee mmoja wa Simba, marahaba yake naipokea kwa mikono miwili popote alipo, alishangilia kipa wa kofia nyekundu robo nzima kabla hajaambiwa yule ni wa upande wa pili. Akasema, "Basi anadaka vizuri, mniache." Tukamwacha.

Katika ushindani huo Yanga wana la kujisifia: Ferencváros walichukua ubingwa wa Ulaya 2019 kule Hanover, kwa penati, na waliofungwa ni haohao Olympiacos. Kisha wakachukua tena 2024 na 2025. Simba wanajibu kwa 2018, nami nitafika huko.

Mimi nina timu yangu. Siku moja mtangazaji alikuwa anasoma majina ya mabingwa wa zamani kusubiri bando lirudi. Akataja Jug ya Dubrovnik, Croatia, akasema: "Jug maana yake ni kusini." Banda zima likanyamaza, kisha likalipuka. Kusini! Sisi ambao kila kitu kinatufikia mwisho, barabara, umeme, hata mechi za kirafiki, kumbe kuna watu Ulaya wameiita klabu yao Kusini na wamechukua ubingwa mara nne: 1981, 2001, 2006 na 2016. Nilikaa nikasema hapa nimefika. Klabu hiyo ni ya 1923. Dubrovnik ni mji wa bandari ya kale, wa mawe, umezungukwa na kuta, na watalii wanaumaliza kwa kupiga picha. Mikindani nayo ina mawe ya kale, kuta tunazo nusunusu.

Jumatano waliyoweka fainali ya 2016, Jug na Olympiacos pale Budapest, nilifika mapema kuliko muuza tiketi. Lazima nieleze sheria moja ya banda ambayo naiunga mkono kwa moyo wote: siku ya marudio ni marufuku kutafuta matokeo kwenye simu. Atakayesema matokeo anatolewa na buku yake inabaki. Ilianzishwa baada ya kijana mmoja kuwala wenzake soda sita kwa kubeti mechi aliyokwisha kuisoma mchana. Basi usiku ule hakuna aliyejua, au aliyejua alinyamaza. Ilikuwa mechi ngumu ya ulinzi. Mchezo huu kwa kawaida mabao ni mengi, kumi na kitu si ajabu, lakini ile iliisha 6 kwa 4. Kila bao lilikuwa kama kung'oa jino. Mzee wa Simba alikuwa mbele yangu, na Jug walipofunga la sita akageuka akaniangalia, akasema tu, "Karani." Sikumjibu, nilikuwa nimesimama juu ya benchi.

Mzee alilipiza wiki mbili baadaye. Fainali ya 2018, Olympiacos na Pro Recco, Genoa. Na Pro Recco ni habari nyingine, inataka aya yake.

Recco ni mji mdogo wa pwani, Italia, karibu na Genoa, wenye watu kama elfu kumi. Mji huo ndio wenye klabu iliyochukua ubingwa wa Ulaya mara nyingi kuliko zote: mara 11, kuanzia 1965 mpaka ile mitatu mfululizo ya 2021, 2022 na 2023. Elfu kumi! Mtangazaji alilirudia hilo mpaka tukamwomba aache. Klabu ni ya 1913 na bwawa lao, Punta Sant'Anna, liko kando ya bahari kabisa. Nyota wao wa kale ni Eraldo Pizzo, aliyekuwemo Italia ilipochukua dhahabu ya Olimpiki Roma 1960 na akawemo Recco ilipochukua kombe la kwanza la 1965. Jina lake la utani ni Caimano, yaani aina ya mamba. Kwetu huku, ambako mamba wa Ruvuma wana historia na familia za watu, jina hilo halikuchekwa. Mtu mmoja nyuma alisema taratibu kwamba mamba halisi hana haja ya mpira.

Basi 2018, timu nane za mwisho zilikusanyika Genoa, yaani Recco wako nyumbani, mwendo wa daladala. Kila kitu kilikuwa kimepangwa washangilie. Olympiacos wakawafunga 9 kwa 7. Simba wa Mikindani walitoka nje wakazunguka banda mara tatu wakiimba nyimbo za Simba, majirani wakadhani kuna mechi ya Taifa tumewaficha. Mzee akanipitia: "Karani, andika na hiyo kwenye daftari lako." Nimeiandika.

Sasa kasoro, na zipo.

Kwanza, picha ni kubwa kuliko ukuta. Pembe ya juu kushoto inaangukia kwenye nguzo, na hapo ndipo watu wa Ulaya wanapoweka matokeo na saa. Mchezo huu unaendeshwa na saa: katika fainali hizo tulizoangalia, timu ikikaa na mpira sekunde 30 bila kurusha golini inaupoteza. Hiyo hesabu ndiyo inayofanya watu warushe kutoka mbali kwa kukata tamaa. Sisi hatuioni. Mtangazaji anaihesabu kwa mdomo, na banda zima linamfuata, tano, nne, tatu, jambo ambalo ni tamu kweli, lakini akipiga chafya tumepotea. Nimemwambia mwenye banda asogeze projekta mbele hatua mbili. Anasema hatua mbili mbele ndipo paa linapovuja. Tumebaki hapo tangu Machi.

Pili, mtandao. Marudio hayana shida, yamo kwenye kompyuta. Lakini mechi ya moja kwa moja inaganda, na inaganda wakati mbaya kama imepangiwa. Mpira uko hewani, kipa ameinuka, mikono juu, halafu kila mtu anakuwa sanamu. Siku moja tulimkodolea kipa aliyeganda hivyo kwa dakika nne. Iliporudi walikuwa wanapeana mikono, mechi imekwisha. Mwenye banda hakurudisha fedha, alituongezea fainali ya 2022 ya Beograd, ile ya Pro Recco na Novi Beograd iliyokwenda penati. Nakiri ilikuwa fidia nzuri. Penati za maji zinapigwa kutoka mita 5, na mpigaji anaelea kama wewe ungeelea, hana pa kukanyagia, ila mpira unaondoka mkononi kama umefyatuliwa. Lakini fidia siyo ahadi. Kama unakwenda kwa ajili ya mechi ya moja kwa moja, jipange kisaikolojia, na usiende bila simu yako yenye bando kidogo la kusomea matokeo.

Tatu, joto. Feni ni moja na iko kwa mtangazaji. Sitaki kusema zaidi, tunaelewana, ni Mtwara. Kinachoudhi ni kuangalia watu wamo majini mechi nzima na wewe umelowa jasho zaidi yao.

Choo kipo, kwa jirani, shilingi mia mbili, ndoo ya maji ipo. Kwa wanawake: nenda kabla ya mechi, siyo katikati, maana njia inapita mbele ya ukuta na kivuli chako kitakaa kwenye bwawa la Ulaya huku watu wanakupigia kelele "kaa chini!"

Hilo la wanawake nilisemee kidogo. Siku za mwanzo nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyenikosea adabu, vijana wanasalimia, wananipisha, mmoja alinifutia benchi kwa fulana yake. Lakini macho yapo. Nikamwambia mwenye banda: wanawake nao wanacheza huu mchezo, mbona hutuonyeshi? Akasema hakuna atakayelipa. Nikasema nikileta watu kumi? Akasema lete. Nikaleta sita, kati yao wawili ni wachokoaji pweza, mikono yao ina nguvu kuliko ya mtangazaji. Akaguna, akaweka.

Tukawaona Olympiacos ya wanawake, waliokuwa mabingwa wa Ulaya 2015, 2021 na 2022. Tukasikia habari za Sabadell ya Hispania na Orizzonte ya Catania, Sicilia, ambao wana ubingwa mara 8, wa mwisho 2008. Mpira wa wanawake ni mdogo kidogo, vingine ni vilevile, na kukamatana ni kulekule. Mmoja wa wale wachokoaji, mama mtu mzima, aliangalia robo nzima kimya. Halafu akasema: "Huyu wa nyuma anamshika mwenzake kama pweza anavyoshika jiwe. Pweza haumvuti, unamtekenya." Dakika mbili baadaye Kigingi alijigeuza pembeni, akamteleza Kupe wake, akafunga. Mtangazaji akaomba kipaza sauti kipelekwe kwa mama. Mama akakataa, akasema yeye amekuja kuangalia. Tangu siku ile siku za wanawake zipo, siyo kila wiki, ni pale tunapotimia watu watano. Na mtangazaji akiona Kigingi kajigeuza hivyo anapiga kelele, "Kamtekenya!" Hamtaji aliyemfundisha, lakini sisi tunajua.

Chakula hakiuzwi ndani, na ni vyema. Nje kuna bibi wa ming'oko, kachemsha, anakuwekea na chachandu kwenye karatasi. Chukua kabla ya mechi, robo ya pili inakuwa imeisha. Kuna pia kijana wa korosho za kubangua, ila mimi korosho sizitaki kuziona baada ya saa za kazi, siwezi kuwapa tathmini.

Jambo ambalo sikulitegemea ni watoto. Mtangazaji alitusimulia kwamba Dubrovnik kila kiangazi kuna ligi ya mitaani wanayoiita Ligi ya Mwitu, kila ufukwe una timu yake, wanacheza baharini siyo bwawani. Mtoto wa kaka yangu na wenzake hawakulala. Asubuhi walikuwa ghubani na maboya ya nyavu, fito na mpira wa netiboli uliokwisha upepo. Wanacheza maji yakijaa tu, yakitoka pale ni tope na mikoko. Wote wanakanyaga chini, kila mmoja anamshtaki mwenzake kwamba amekanyaga, na mwamuzi hawezi kuona kwa sababu maji yana tope. Kaka yangu amenilaumu mimi. Nimemwambia angalau wanajua kuogelea, watoto wa pwani wangapi hawajui. Ametulia kidogo, ila amemkataza mtoto asiwe Kupe.

Mwenye banda naye ameziona dalili. Ameongeza mabenchi mawili, ya mninga, yana misumari miwili imetokeza upande wa mlangoni, angalieni nguo zenu. Na ametangaza kwamba wikiendi ya timu nne za mwisho kuingia itakuwa buku jero, jambo ambalo tumelipinga watu wote, Simba na Yanga kwa sauti moja. Ametushusha mpaka buku na mia mbili. Mia mbili nadhani ni za choo, tutajua siku hiyo.

Mechi hizo saa zake ni nzuri kwetu. Kiangazi Ulaya ya kati wako nyuma yetu saa moja tu, fainali ikianza kwao saa mbili na nusu usiku kwetu ni saa tatu na nusu. Watu wameshaswali isha, wameshakula. Daladala za kurudi mjini hapo ni za kubahatisha, kwa hiyo ukitokea Shangani au Chikongola ongea na bodaboda mapema, ila siyo na mtangazaji, yeye atakuwa kazini.

Kaa upande wa kulia, mbali na nguzo. Benchi la kwanza utaumia shingo, la tatu kuna mzee wa Simba na anageuka nyuma kila bao likifungwa. La pili ndilo. Ukikuta limetandikwa kanga ya njano, hapo pana mtu, amekwenda kununua ming'oko.